Baba Alikuwa na Baiskeli

Abdulrazak Gurnah alipopigiwa simu ya Nobel mwaka 2021, alidhani ni utani. Mimi nilipopigiwa ya katuzo kangu ka hadithi fupi, nilidhani ni wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Nikakata. Wakapiga tena.

Hotuba niliifanyia mazoezi wiki nzima mbele ya kioo. Sentensi niliyoiogopa ni moja tu: ya kumshukuru baba, aliyeuza baiskeli yake ninunuliwe vitabu vya kidato cha kwanza, akafariki kabla sijachapisha chochote. Niliijaza maneno makubwa, sadaka, deni, milele, nikaiweka mwishoni, eti nitafika nimeshazoea. Wapi! Koo likakaba. Ukumbi kimya. Nikanywa maji, nikavuta pumzi, bado. Basi nikakunja karatasi nikasema, "Baba alikuwa na baiskeli." Sauti ilitetemeka, lakini ikapita.

Tangu siku ile siamini tena ushauri wa kujikaza. Maneno makubwa ndiyo yaliyonikaba, baiskeli ilibebeka.

Tulipotoka, mama aliniuliza jambo moja tu: "Mbona hukuwaambia ilikuwa Phoenix?"