Mtoto hakujua robo

Mdogo wangu ana miaka 10. Jioni moja, nyumbani kwetu Lubumbashi, aliniletea daftari lake la hesabu. Mwalimu alikuwa ameuliza kwa Kifaransa: kati ya un tiers na un quart, ipi ni kubwa? Yeye aliandika un quart. Nilipomwuliza sababu, alijibu bila wasiwasi: "Yaya, ine inapita tatu."

Mimi, mwanafunzi wa Kiswahili, nilidhani nimekwisha kuliona kosa: ni Kifaransa. Nikamweleza kwa fahari kwamba un tiers ni theluthi, na un quart ni robo. Akanitazama kimya. Nusu aliijua, kwa sababu mama humtuma kununua nusu meka ya unga. Lakini robo na theluthi hakuwahi kuzisikia, sokoni wala nyumbani. Nilikuwa nimemwondolea neno geni na kumpa geni lingine.

Mama akatuita kula. Tulikuwa watoto watatu kwenye sahani moja ya bukari. Nikachora mistari juu yake kwa kijiko, mafungu matatu yaliyo sawa, nikamwuliza: "Na mtoto wa jirani akiingia sasa?" Akavuta fungu lake karibu: "Mugeni akikuya, kila mutu atapata kadogo."

Nikamwambia: "Basi ile ine ya chini ni hesabu ya watu wanaogawana." Akanyamaza kidogo, akaenda kufuta jibu lake kabla hata ya kunawa mikono.

Aliporudi aliniuliza: "Na fungu la baba?" Kwetu baba hupewa kubwa kuliko wote. Swali hilo sikulitazamia. Ikanibidi nimweleze kwamba, mafungu yasipokuwa sawa, hatuwezi kuliita kila fungu robo, hata tukiwa watu wanne. Hapo ndipo alipolitamka neno robo mwenyewe, na un quart baada yake.

Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha zetu nne za taifa, na katika kitivo chetu tunapenda kudai kifundishe hesabu. Mimi bado nadai hivyo. Ila tangu jioni ile, kabla ya kumpa mtoto neno la kamusi, namwuliza kwanza: nyumbani kwenu mnagawana namna gani?