Gari Moshi la Bububu

Anayepanda daladala nambari 502 kwenda Bububu hana sababu ya kudhani kwamba watu wa njia hiyo waliwahi kwenda mjini Zanzibar kwa gari moshi. Hata hivyo walikwenda, na kwa nauli. Kampuni ya Arnold, Cheney ya New York ilipewa idhini na Serikali ya Sayyid Ali bin Hamoud, ikaijenga reli mwaka 1904 na 1905: maili 7, kutoka Ngome Kongwe, kupitia Malindi, hadi Bububu. Wenyeji walikaa katika mabehewa ya kawaida. Wageni walioshuka melini waliwekewa behewa lao la daraja la kwanza.

Hiyo haikuwa reli ya kwanza Unguja. Mwaka 1879 Sayyid Barghash bin Said alijenga yake kutoka kasrini hadi Chukwani, ikivutwa na nyumbu mpaka ilipoletwa mashine ya moshi kutoka Uingereza mwaka 1881. Ilikuwa ya kumpeleka yeye na watu wa nyumba yake kwenye kasri la shamba. Alipofariki mwaka 1888, reli nayo ikang'olewa.

Likizo iliyopita tuliwachukua wanafunzi wakubwa wa madrasa yetu kuifuata njia ya reli ya pili kwa miguu, walau sehemu yake ya mjini. Katika mtaa mmoja wa Malindi kijana alinyoosha mikono yake miwili, nusura aguse kuta za pande zote. "Ustadhi, lilipitaje hapa?" Tukamjibu kwamba lilipita karibu mno na milango ya watu, na picha za zamani zinashuhudia. Hakuridhika, na sisi hatukumlaumu.

Kuna wasemao kwamba jina Bububu ni mlio wa gari moshi hilo. Ni hadithi tamu, lakini haisimami. Bibi Salme binti Said, dada yake Sayyid Barghash, aliitaja Bububu katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886, karibu miaka 20 kabla ya reli kujengwa. Wengine husema ni mlio wa maji yabubujikayo. Hilo linaingia akilini zaidi, kwani chemchemi zipo.

Na hapa ndipo tulipokawia. Sayyid Barghash aliyajengea maji ya chemchemi hizo mfereji hadi mjini, watu wakanywa na kutawadha bila malipo, wakaondokana na maji machafu ya visima vya mitaani. Mtawala ni yule yule, na hazina ni ile ile. Reli yake haikuishi baada yake. Maji yaliendelea kuingia majumbani mwa watu ambao hawakupata kumwona.

Ile ya Wamarekani nayo haikudumu. Serikali iliinunua mwaka 1911; barabara na motokaa zikaipunguzia abiria, na mwaka 1922 safari zao zikasitishwa. Ilibaki kubeba mawe ya ujenzi wa bandari, kisha mwaka 1928 ikafungwa kabisa. Hata hivyo hatuidharau: kwa miaka 17 mkulima wa Bububu aliwahi soko la asubuhi bila kujitwika mzigo wake kichwani.

Haya hatuyaandiki kwa udadisi mtupu. Waumini wa msikiti wetu wamechanga fedha, Mwenyezi Mungu awalipe, na kamati imegawanyika. Wapo wanaotaka basi dogo la kuwaleta watoto wa mbali madrasani, nao wana hoja, kwani wapo mabinti wanaoacha masomo kwa sababu ya njia. Wapo wanaotaka kisima kirefu na tangi, kwa kuwa mfereji wa udhu hukauka Ijumaa baada ya Ijumaa. Sisi wa safari ile tulirudi tukiegemea kisima, isipokuwa mmoja wetu, ambaye binti yake ni miongoni mwa hao wa mbali.

Kikao ni Alhamisi baada ya Isha. Mweka hazina ameombwa aje na bei za vyote viwili.