Flashi, nyanya na picha zisizolingana

Kazi ya kuandika programu imenibana, ndiyo maana nimekuwa kimya. Leo naiweka kando kidogo niwasimulie juu ya flashi ya kamera, kitu kilichonitia aibu mbele ya nyanya yangu.

Dada yangu alifunga ndoa Voi. Kwa kuwa mimi ndiye "mtu wa kompyuta" katika familia, na nilikuwa nimenunua kamera ya dijitali pamoja na flashi ya kuchomeka juu yake, nikapewa kazi ya kupiga picha. Sherehe ikaingia usiku, ndani ya ukumbi. Nikaweka kila kitu kwenye otomatiki, nikabonyeza mpaka betri zikaisha.

Wiki iliyofuata nikampelekea nyanya picha zake. Aliyoingoja kwa hamu ni ile aliyokaa na bibi harusi. Akaisogeza dirishani, akaigeuzageuza, kisha akauliza, "Na mimi niko wapi, mjukuu wangu?"

Sikuwa na jibu. Gauni jeupe la dada lilitoka kijivu kama lililofuliwa vibaya, na uso wa nyanya ulikuwa kivuli tu. Picha iliyofuata, ya nyanya peke yake na shali lake jeusi, ilikuwa kinyume: shali limepauka, uso umeungua kwa mwanga. Ukumbi uleule, kiti kilekile, kamera ileile. Nilijaribu kuziokoa kwa kompyuta, lakini kila nilipouangaza uso wake, chembechembe zilizidi.

Sasa, sisi waandishi wa programu tuna imani moja: ukiipa programu data ileile, itakupa jibu lilelile. Jibu likibadilika, kuna data inayoingia bila wewe kuiona. Nikaanza kuisaka.

Kumbe ni nguo! Flashi ikiwa kwenye otomatiki, hutoa kwanza mweko mdogo kabla ya picha. Kamera hupima mwanga unaorudi, kisha huamua flashi itoe nguvu kiasi gani. Haijui nani ni nyanya na nani ni bibi harusi. Inajua tu mwanga umerudi mwingi au kidogo, nayo hujaribu kuifanya picha iwe ya wastani, karibu na kijivu. Gauni jeupe linarudisha mwanga mwingi, basi inapunguza nguvu. Shali jeusi linarudisha kidogo, basi inaongeza. Anayeumia ni mwenye uso mweusi aliyekaa kando ya nguo nyeupe, na kwetu harusi nyingi ziko hivyo.

Dawa niliyoipata ni kuitoa flashi kwenye otomatiki na kuipangia nguvu mwenyewe. Hapo mwanga unaomfikia mtu haujali tena amevaa nini. Kuna hesabu yake: kila flashi ina namba ya nguvu. Yangu ni 32 kwa mita, kwenye ISO 100. Gawanya namba hiyo kwa umbali, utapata tundu la lenzi. Nikiishusha hadi robo ya nguvu, namba inakuwa 16. Nikipandisha ISO hadi 400, inarudi 32. Mtu akiwa mita 4, 32 gawanya kwa 4 ni 8, yaani f/8. Shata naiacha 1/125. Namba hiyo hubadilika ukivuta zumu ya flashi, kwa hiyo nayo naifunga mahali pamoja.

Kilichobaki kuchungwa ni umbali. Mtu akisogea kutoka mita 2 hadi 4, mwanga unaomfikia hauwi nusu, unakuwa robo. Kwa hiyo nilikata kamba ya mita 4. Usicheke, inafanya kazi! Tena wanaopigwa pamoja nawakalisha mstari mmoja, asiwepo wa kubaki nyuma gizani.

Jambo la mwisho ni betri. Kwenye flashi nyingi, taa ya "tayari" huwaka kabla chaji haijajaa kabisa. Ukibonyeza haraka, picha ya pili inatoka nyeusi kuliko ya kwanza. Robo ya nguvu inasaidia, maana flashi haimalizi chaji yote mara moja. Hata hivyo nangoja kidogo baada ya taa kuwaka.

Mwaka uliofuata tukafanya ibada ya shukrani nyumbani kwa nyanya. Dada akaja na mtoto aliyefungwa blanketi jeupe, akamkalia nyanya ubavuni. Nyanya alivaa shali lilelile jeusi. Mtego uleule! Nikanyoosha kamba, nikampiga mjomba picha moja ya majaribio. Ilikuwa na giza kidogo, kwa sababu hesabu ni mwanzo tu, basi nikafungua lenzi hadi f/7.1. Baada ya hapo sikugusa kitu. Nyanya na mtoto, nyanya peke yake, nyanya na mjomba mwenye kanzu: picha 14, uso wake mmoja katika zote.

Nilipompelekea, akaisogeza dirishani kama mara ile. Safari hii hakuuliza yuko wapi. Aliniuliza kama naweza kumtolea nyingine, aitundike sebuleni.

Haya, jaribuni nanyi kabla ya harusi ijayo. Kamba ni ya bei rahisi.