Milima ya Makaa na Akina Mama Wake

Jimbo la West Virginia, nchini Marekani, ni milima mitupu. Mito imebanwa kati ya miteremko, na vijiji vimejipanga bondeni mstari mmoja kwa kukosa nafasi. Ndani ya milima hiyo mna makaa ya mawe, ambayo kwa zaidi ya miaka mia moja yamelisha familia nyingi na kuziliza nyingi. Tulikwenda kuona mahali ambapo mashujaa wake wanakumbukwa.

Mtu wa nyundo

Tulianzia Talcott, kusini mwa jimbo. Hapo, kati ya mwaka 1870 na 1872, vibarua walitoboa mlima ili reli ipite. Handaki hilo, Big Bend, lina urefu wa karibu kilomita 2. Wengi wa vibarua hao walikuwa watu weusi waliotoka utumwani miaka michache tu kabla. Hadithi husema mmoja wao, John Henry, alishindana na mashine ya mvuke kutoboa mwamba. Aliishinda kwa nyundo na tindo, kisha akaanguka akafa. Wanahistoria hubishana kama lilikuwa handaki hili au jingine, lakini sanamu yake imesimama Talcott.

Wengi huishia hapo. Lakini zipo nyimbo zinazomtaja mkewe, Polly Ann. Mumewe alipougua, yeye ndiye aliyeshika nyundo. Sisi akina mama hatushangai. Watoto hawangoji baba apone ndipo waone njaa.

Mama wa wachimbaji

Kutoka Talcott tulielekea kaskazini-magharibi hadi Pratt, mji mdogo kando ya mto Kanawha. Hapa mwaka 1913 wanajeshi walimweka kizuizini bibi kizee, Mary Harris Jones, mzaliwa wa Ayalandi. Alikuwa mshonaji wa nguo. Mwaka 1867, huko Memphis, homa ya manjano ilimwua mumewe na watoto wao wote wanne. Baadaye aliwafanya wachimbaji kuwa wanawe, nao wakamwita Mama Jones.

Wakati wa mgomo wa Paint Creek na Cabin Creek, familia zilifukuzwa katika nyumba za makampuni zikaishi kwenye mahema. Mama Jones alikwenda kusimama nao. Alifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70, lakini hakunyamaza.

Gunia la makaa

Mwisho tulipanda kaskazini hadi Monongah. Asubuhi ya tarehe 6 Desemba, 1907, migodi miwili ililipuka hapa. Waliokufa walikuwa zaidi ya 360, wengi wao wahamiaji kutoka Italia na nchi nyingine za Ulaya. Ndiyo ajali mbaya kuliko zote katika historia ya migodi ya Marekani. Watoto wapatao elfu moja walibaki bila baba.

Watu wa Monongah husimulia habari za mjane mmoja ambaye mwili wa mumewe haukupatikana. Kwa miaka mingi alikwenda mgodini, akabeba gunia la makaa na kulimwaga karibu na nyumba yake. Hakuyachoma. Alitaka kumpunguzia mumewe uzito uliomlalia. Mwaka 2007, miaka mia moja baada ya ajali, mji huo ulipata sanamu ya mama, kwa heshima ya wajane wote.

Karibu na hapo, katika mji wa Fairmont, Wakristo walikusanyika kanisani tarehe 5 Julai, 1908, kuwaombea na kuwakumbuka akina baba. Aliyetoa wazo hilo alikuwa mwanamke, Grace Golden Clayton. Miezi miwili kabla, kanisa la Wamethodisti la Grafton, mji jirani, lilikuwa limefanya ibada ya Siku ya Mama kwa ombi la Anna Jarvis. Leo Siku ya Mama husherehekewa hata kwetu.

Dada wapendwa, watoto hupenda hadithi za wenye nguvu, na ni vizuri tuwasimulie. Lakini tusiishie kwenye nyundo. Tuwaeleze pia nani alipika, nani alingoja mlangoni, na nani aliwalea yatima wakakua. Tusipowaeleza sisi, watajifunza kwamba milima yote ilitobolewa na wanaume peke yao.