Elfu Tano kwa Siku

Mwezi Juni mwaka 2024 mama alinihesabia shilingi laki moja juu ya mkeka, noti kwa noti, akaniambia, "Nenda Dar ukatembee. Umefanya kazi."

Kweli nilikuwa nimefanya kazi. Kidato cha nne nilimaliza Nachingwea mwaka 2022, matokeo yakaja yale ya kumrudisha mtu nyumbani, nikarudi Ruangwa kushika jembe. Misimu miwili nililima ufuta na mama. Asiyeujua ufuta anadhani ni mbegu tu za kunyunyizwa kwenye mkate. Unaukata, unaufunga matita, unayasimamisha yakauke, halafu unayapindua moja moja juu ya turubai na kuyagongagonga kwa adabu, maana ukiwa na haraka ndege ndio watakaovuna. Tuliupeleka ghalani, ukanadiwa kwenye mnada wa RUNALI, chama kikuu ambacho jina lake limeunganishwa kutoka Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Laki moja ile ilikuwa kama kilo thelathini hivi za ufuta. Uzito wake niliujua, niliubeba mwenyewe.

Basi nikakaa chini kupanga bajeti. Nauli ya kwenda mama alilipa pembeni. Kwenye laki nikatoa elfu thelathini ya kurudia, nikaishona ndani ya mkanda wa suruali. Ikabaki sabini. Gawanya kwa siku kumi na nne, unapata elfu tano kwa siku bila baki. Hesabu ilivyokubali bila baki nilifurahi kama mtu aliyepewa ishara. Nikachukua kaunta buku lililobaki toka shuleni, nikachora safu: nauli, vinywaji, matembezi, dharura, chakula. Kwenye safu ya chakula nikaandika sifuri, nikaishusha ile sifuri mpaka chini, siku zote kumi na nne. Nilikuwa nafikia kwa shangazi, Mbagala. Nani analipia ugali wa shangazi yake?

Nilijiona mjanja, msomaji, tena mjanja kuliko Waingereza. Maana Nachingwea niliyosomea ni mji uliokuzwa na bajeti iliyovunjika. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walikuja na mradi wa karanga, wakakadiria kama paundi milioni 25. Mwaka 1951 walipouzika, hasara ilikuwa imezidi paundi milioni 35, na karanga zenyewe hazikuonekana kwa kiasi cha kumshibisha mtu. Waliacha uwanja wa ndege, barabara, na reli ya kutoka Mtwara, ambayo nayo iling'olewa miaka ya sitini. Historia ndilo somo nililofaulu, kwa hiyo nilijipa haki ya kuwacheka.

Mama hakucheka. Alilitazama daftari akauliza, "Siku ya njiani umeiandika wapi?"

Sikuwa nimeiandika. Akanisimulia tena safari yake ya mwaka 1996, ambayo nimeisikia mpaka naweza kuisimulia mimi. Wakati huo daraja la Mkapa halijajengwa, lilifunguliwa mwaka 2003, na mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni pale Ndundu. Pantoni ikaharibika. Mama akalala kando ya mto usiku mbili, na hela aliyoiweka kwa ajili ya mjini akaila pale pale kwa samaki wa kukaanga, ndizi na chai ya mkandaa. Akaingia Dar amechacha kabla hajaiona hata ghorofa moja. Basi toka siku hiyo, kila akifunga hela kwenye pindo la kanga anafunga mafundo mawili, moja la njiani na moja la mjini.

Nikaongeza mstari wa njiani kumridhisha tu. Kumbe ulinisaidia. Mwezi Mei mwaka ule mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilikuwa zimeikata barabara ya Lindi na Dar es Salaam maeneo ya Somanga, na tulipopita wiki kadhaa baadaye basi lilikuwa bado linakwenda kwa kunyata. Tuliingia Mbagala Rangi Tatu usiku. Nilikuwa nimetumia elfu mbili na mia tano tu, na ndani yake kulikuwa na yai la kuchemsha nililolinunua Nangurukuru kwa sababu ya njaa, si kwa sababu ya anasa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba! Umekuwa mkubwa hivi! Mama yako anakulisha nini?"

Nilikuwa nimebeba zawadi, kilo tano za choroko na mfuko wa korosho za kubangua. Shangazi aliipokea choroko kwa mikono miwili, akaipeleka ndani haraka kidogo kuliko kawaida. Niliona, lakini sikuelewa.

Siku tatu za kwanza nilikuwa mfalme wa daftari. Asubuhi nakoga, natoka na elfu tano yangu. Daladala mia sita au mia saba kutegemea unakokwenda. Tulikuwa tunabanana kwenye foleni ya Barabara ya Kilwa huku njia ya mwendokasi iko pembeni yetu, imemaliza kujengwa, tupu, mabasi yake bado hayajaanza kazi, na konda anapiga kelele turudi nyuma kana kwamba nyuma kuna chumba kingine. Nikafika Kariakoo nikazunguka mtaa wa Kongo bila kununua kitu, jambo linalohitaji moyo. Nikaenda Kivukoni kutazama pantoni ya Kigamboni, nikamkumbuka mama. Soda, buku. Kashata mbili. Nikirudi jioni nina chenji, naandika, napiga mstari kwa rula. Nikala ugali wa shangazi, nikalala.

Siku ya nne niliamka mapema kuliko kawaida kwa sababu ya mbu. Nilikuwa nalala sebuleni, kwenye godoro chini, na wenyewe walidhani bado nimelala. Baba Zaina, mume wa shangazi, alikuwa anajiandaa kwenda kwenye vibarua vyake vya kubeba mizigo sokoni. Akatoa noti moja mfukoni, akainua kopo la chumvi, akaiweka chini yake, akatoka. Halikusemwa neno.

Ilikuwa noti ya elfu tano.

Baadaye kidogo shangazi akaja, akaichukua, akamwita Zaina, binti wa miaka kumi na moja, akamtuma dukani. Nikiwa nimejifunika shuka nilimsikia akimpangia, taratibu, kama mtu anayesoma dua anayoijua kwa moyo: sembe kilo moja na nusu, elfu mbili na mia moja. Dagaa wa buku. Mafuta ya kupima ya jero. Nyanya na kitunguu, mia nne. Mkaa wa buku.

Jumlisha mwenyewe. Mimi nilijumlisha chini ya shuka. Elfu tano, hakuna baki.

"Na sukari, mama?"

"Sukari kesho."

Nyumba ile ilikuwa na watu sita. Mimi nilikuwa wa saba, na kwenye hesabu ya shangazi nilikuwemo toka usiku wa kwanza, bila yeye kuniambia na bila mimi kuuliza. Elfu tano iliyokuwa inalisha watu saba, mimi nilikuwa naiweka mfukoni kila asubuhi kwenda kutazama madirisha ya maduka. Nikalifungua daftari. Zile sifuri nilizozishusha kwa rula zilikuwa zimepangana vizuri sana.

Najua utasema, si umpe shangazi hela, mambo yaishe? Nilijaribu. Jioni nilimfuata jikoni na elfu kumi, nikamwambia shangazi chukua hii ya mboga. Hakunikasirikia, afadhali angenikasirikia. Aliendelea kukoroga dagaa, akasema bila kugeuka, "Hela ya mama yako irudishe mfukoni. Umekuja kutembea. Nikisikia tena habari hiyo nampigia simu." Halafu akanipakulia mimi wa kwanza, ugali mkubwa, dagaa wa kujaa, na watoto wakakaa kimya wakisubiri.

Nikabuni ujanja. Siku ya tano nikarudi na kilo mbili za sembe na nusu ya sukari, nikasema nimepita tu dukani nikaona bei nzuri. Alinyamaza, akapokea. Nikadhani nimeshinda. Siku ya sita nikakuta amepika wali kwa nazi na samaki! Kwa ajili ya mgeni! Ile akiba niliyomletea aliigeuza karamu, akanirudishia yote kwenye sahani yangu, na sina shaka aliongezea na deni la dukani juu yake. Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilikuwa nalitaka kabisa, nilikuwa naliomba, na mwenye nyumba hataki kunipa.

Tukaenda hivyo, mimi nanunua kimyakimya, yeye ananilisha kimyakimya. Safu za daftari zikavurugika. Sikujua niandike sembe kwenye matembezi au kwenye dharura, kwa sababu kwenye safu ya chakula sifuri zilikuwa zimeshakaa kwa wino.

Sasa nitasema na hili, ingawa ningependa nisiliseme. Tarehe 7 Julai ilikuwa Sabasaba. Maonyesho yapo kwenye barabara hiyohiyo ya Kilwa, na toka Ruangwa nilikuwa nimejitengea siku hiyo kuliko siku zote. Nilitoka peke yangu. Zaina aliniuliza kama anaweza kuja, nikamwambia kuna watu wengi, atapotea. Uongo. Nilipiga hesabu ya viingilio viwili, nauli mara mbili, soda mbili, nikaona haiingii. Nikaingia mwenyewe. Nilizunguka mabanda, nikatazama matrekta nisiyoweza kuyanunua, nikasikiliza muziki, na mchana nikakaa nikala chipsi mayai na mshikaki mmoja, peke yangu, haraka haraka kama mwizi. Vilikuwa vitamu, sitasema havikuwa. Sikuviandika. Ukitazama daftari langu, siku ya Sabasaba nilikunywa maji tu.

Zaina hakuniuliza kitu nilivyorudi. Alinivua begi mgongoni, akaliweka mahali pake.

Siku zilizobaki sikwenda mbali. Nilishika ndoo nikachota maji na Zaina, nikamsaidia hesabu za kugawanya, ambazo alizijua vizuri kuliko nilivyotegemea, hasa ukimpa mfano wa nyanya. Coco Beach niliyoipania sikuiona, mpaka leo. Siku ya kumi na nne nilibakiwa na elfu tatu na mia nane, ukiacha ile ya kwenye mkanda. Yule kijana mwenye rula angeiona hii ni aibu kubwa.

Alfajiri ya kuondoka shangazi alinisindikiza kituoni. Tulisimama kwenye vumbi na moshi, wapiga debe wakitugombania. Basi lilipoanza kunguruma akanishika mkono kama wa kuagana, nikasikia karatasi kiganjani.

"Ya njiani," akasema.

"Shangazi, hapana..."

"Ya njiani, baba. Msalimie mama yako."

Ilikuwa elfu kumi, imekunjwa mpaka ikawa ndogo kama hirizi. Siku mbili za kopo la chumvi. Nikataka kuirudisha, lakini konda alikuwa ananisukuma ndani, na shangazi alishageuka, ananipungia huku anakwenda, hataki kuitazama sura yangu. Toka Mbagala mpaka Ruangwa sikununua hata maji. Nilishindwa kuivunja ile noti.

Nyumbani mama aliandaa maji ya kuoga, akanipa uji, halafu akaomba kuliona daftari. Mama amesoma mpaka darasa la saba, lakini namba hazimpigi chenga. Alizipitia safu kwa kidole. Kwenye Sabasaba akasimama kidogo, akaendelea. Kwenye safu ya chakula kidole kikashuka polepole, sifuri baada ya sifuri, mpaka mwisho wa ukurasa.

"Hapa ulikuwa unakula wapi?"

"Kwa shangazi."

Nikaitoa ile elfu kumi nikaiweka mkekani. Nikamweleza habari ya kopo, dagaa wa buku, na mkaa. Habari ya chipsi sikumweleza. Mama hakusema kitu kwa muda mrefu. Aliichukua ile noti, akaikunjua, akainyoosha juu ya goti lake, akaifunga kwenye pindo la kanga, fundo la peke yake. Kisha akaingia ndani, nikasikia mfuniko wa debe ukifunguliwa. Akatoka na kiroba, tukaanza kupima mbaazi, unga wa muhogo na choroko iliyobaki, yeye anapima, mimi nashika mdomo wa kiroba, mpaka kikawa kizito cha kubebwa na watu wawili. Ile elfu kumi akaishonea ndani kabisa, katikati ya mbaazi, mahali ambapo shangazi hawezi kuirudisha.

Kesho yake alfajiri nilikipeleka stendi kwa baiskeli. Nikamuuliza konda, kiroba kimoja mpaka Mbagala ni shilingi ngapi.

Konda akakipima kwa macho. "Elfu tano."

Nikaanza kumwomba apunguze.