Kavimvira: Dawa ya saa sita mchana haikumfikia kiwavi

Mama mmoja aliyekimbia vita katika milima ya juu ya Uvira alikodi kipande cha shamba huku Kavimvira, akapanda mahindi. Kodi angeilipa kwa mavuno. Mahindi yalipofika magotini, majani yakaonekana yametobokatoboka, na moyoni mwa mmea kumejaa uchafu kama unga wa mbao uliolowa. Ni kiwavi jeshi vamizi, yule aliyetoka Amerika na kuripotiwa Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016. Anajulikana kwa alama ya Y iliyopinduliwa kichwani na madoa manne meusi karibu na mkia. Huko Marekani anakula hata majani ya viwanja vya gofu. Kule anaharibu mchezo, huku anaharibu bugali.

Mama alikuwa na pesa za kitu kimoja tu, dawa au mbolea. Akanunua dawa, iliyopimwa katika chupa ya maji isiyo na maelezo yoyote, akapulizia saa sita mchana. Jua likaikausha upesi, na viwavi wakubwa walikuwa wamejificha ndani kabisa, wamejifungia kwa uchafu wao. Siku ya tatu walikuwa wangali wakila. Na chupa ile ilikuwa imewekwa karibu na maji ya kunywa ya watoto!

Jirani yake, mkulima wa siku nyingi, ndiye aliyeiondoa. Kisha akamwonyesha kazi isiyo na bei: kupita shambani alfajiri, kugeuza majani, kuponda kwa vidole mayai yaliyolundikwa pamoja na kufunikwa na manyoya kama ukungu. Viwavi wakubwa wanatolewa kwa mkono, na majivu au mchanga kidogo unatiwa moyoni mwa mmea. Dawa, kama ipo, inapulizwa asubuhi mapema au jioni, viwavi wakiwa bado wadogo, pua na mdomo vikiwa vimefunikwa.

Mbolea ya urea haiui kiwavi; wengi wanakosea hapo. Inasaidia mahindi yaliyoliwa kutoa majani mapya, mradi moyo haujakatwa. Inawekwa kando ya shina, udongo ukiwa na unyevu, na kufukiwa. Ikizidi, majani yanalainika na wadudu wanafurahi.

Jirani akamkopesha kopo dogo la urea. Nusu ya shamba imeinuka tena. Nusu ya upande wa barabara mama amekwisha kuing'oa na kupanda maharagwe. Mwenye shamba bado hajaambiwa.