Kichwa cha treni cha Babu

Ndugu zangu, leo siandiki siasa wala bajeti. Naandika kuhusu mdoli. Ndiyo, mtu mzima mwenye digrii, mwandishi wa gazeti, na kwa miezi minane sasa kila nikipata likizo fupi nakwenda nyumbani Morotonga kukata na kugundisha kichwa cha treni cha plastiki. Mama ameshaniuliza mara mbili kama kazini kwangu kuna amani.

Ajabu ya kwanza ni kwamba wilaya yetu ya Serengeti haina reli hata mita moja. Reli iliyo karibu kidogo ni ile ya Mwanza, iliyofika huko mwaka 1928. Hiyo ya Tanga, Arusha hadi Musoma tumeisikia kwenye mipango tangu tuko shule ya msingi. Mtoto wa Mugumu anamjua nyumbu kuliko behewa.

Lakini nyumbani kwetu yupo mtu mmoja wa reli. Babu yangu, baba yake baba, alivuka Sirari akiwa kijana na mwaka 1964 akaajiriwa reli ya Afrika Mashariki upande wa Kenya. Alikuwa fayamani, yule anayeutunza moto wa boila, kati ya Mombasa na Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, mpaka ukafungwa, naye akarudi Morotonga kulima. Mpaka huo haukufunguliwa hadi mwaka 1983, na ulipofunguliwa yeye hakuvuka tena.

Sasa, mimi kazi yangu ni kuhoji watu. Nimewahoji wabunge, wakuu wa wilaya, na mganga mmoja aliyedai anazuia mvua. Babu alinishinda. Kila nikiwasha kinasa sauti, jibu lake lilikuwa lile lile: "Tulifanya kazi, tukarudi." Basi. Ukiendelea anakuuliza kama ng'ombe wamekunywa maji.

Mwaka jana nikaona kwenye mitumba ya vitu vya watoto treni ya plastiki, kichwa na mabehewa mawili, mgongoni imebeba makaa ya mawe. Nikainunua kwa shilingi elfu nne, nikampelekea kama utani. Babu akaigeuza mkononi, akaitazama kwa muda mrefu.

"Hii ya nani?"

"Yako, Babu. Si ulikuwa unaendesha hizi?"

"Mimi sikuendesha mimi fayamani. Na haya makaa ya nini? Wewe mura, sisi tulichoma mafuta."

Hapo ndipo nilipogundua siri ambayo chuo hakikunifundisha. Babu hajibu maswali, ila hawezi kuvumilia kosa. Nikaamua nitamtengenezea kichwa chake, na nitakosea kadiri inavyowezekana.

Kwa wasiojua, kichwa alichofanyia kazi ni cha daraja la 59, aina ya Garratt, iliyobuniwa na Mwingereza Herbert William Garratt. Vilitengenezwa 34 na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester, katikati ya miaka ya 1950. Kila kimoja kilikuwa na uzito wa tani 250 hivi, na hakuna kichwa cha mvuke kikubwa kuliko hicho kilichowahi kupita kwenye reli ya upana wa mita moja. Ujanja wake ni huu: boila imening'inizwa katikati, na mbele na nyuma yake kuna seti mbili za magurudumu zinazojitegemea, kila moja na mashine yake. Kwa hiyo lidude la karibu mita 32 linakunja kona za kupanda kutoka pwani hadi Nairobi bila kuacha reli.

Kwa uwiano wa 1:87, ambao wenzetu wa Ulaya wanaupenda sana, mita 32 zinakuwa karibu sentimita 37. Wenzetu hao hununua vipande vya shaba vilivyokatwa kiwandani. Mimi nilikuwa na treni ya mtoto, kisu, msumeno wa chuma na supaglu. Nikapata treni nyingine mbili za aina ile ile, nikazichinja zote tatu. Magurudumu yanatakiwa 28, makubwa 16 na madogo 12. Yale makubwa kwenye kichwa halisi yalikuwa na kipenyo cha mita 1.37, maana yake kwangu ni milimita 16 kasoro kidogo. Nenda kwa fundi cherehani yeyote, mwombe vifungo vya koti. Vinakaa kama vilizaliwa humo. Mabomba ya pembeni nilitumia waya wa shaba wa feni iliyoungua, matangi ni bati la kopo la maziwa, na vishikio ni pini za ofisini.

Kila nilichogundisha nilikiweka mezani kwa Babu. Nikaweka bomba la moshi la mviringo, akalikataa. Akasema lao lilikuwa bapa, jembamba, limerefuka kwenda nyuma. Nikatafuta, kumbe kweli: vilifungwa mfumo wa kutolea moshi wa Mustria aitwaye Giesl, unaosaidia boila kuvuta hewa vizuri. Nikaweka mafuta tangi la mbele, akasema mbele ni maji, mafuta nyuma. Nikapaka rangi nyeusi, akanyamaza siku nzima, halafu jioni akaniambia, "Ile ilikuwa nyekundu ya damu ya mzee." Nikafuta, nikapaka upya.

Na katikati ya makosa hayo maneno yakaanza kutoka. Akanieleza behewa la kulala lililofungwa nyuma ya kichwa, timu moja ikifanya kazi nyingine imelala humo, inapikiana ugali. Akanieleza joto la kebini wakipita nyika ya Tsavo. Akanieleza walivyosugua shaba hadi uione sura yako, kwa sababu kichwa kilikuwa na watu wake na hawakutaka kuaibika stesheni. Kinasa sauti sikuwasha hata mara moja. Niliogopa kuharibu.

Ikabaki namba. Vichwa vyote vya daraja hilo vilipewa majina ya milima na safu za milima za Afrika Mashariki. Cha Babu kilikuwa 5928, Mount Kilimanjaro. Mimi nikafunga safari hadi Nairobi, kwenye makumbusho ya reli yaliyofunguliwa mwaka 1971, kupiga picha na kuhesabu ribiti. Humo vimehifadhiwa viwili: 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena. Wapenzi wasomaji, Gelai iko kwetu, karibu na Ziwa Natron, na Shengena iko Upare. Nilisimama pale nimeshika gurudumu linalonifika kifuani, nikamwelewa babu yangu kidogo.

Lakini 5928 haipo. Katika 34 vimebaki hivyo viwili, vingine vilikwenda kwenye chuma chakavu.

Niliporudi nilifanya jambo ambalo mhariri wangu angenifukuzia kazi. Nilinyamaza. Nikaandika 5918 ubavuni, nikijiambia kwamba hiyo ndiyo niliyoiona kwa macho na picha ninazo. Wiki mbili nikiwa mjini, Babu alikuwa anakitazama tu, bila kusahihisha kitu. Hilo ndilo lililonisumbua. Babu kuacha kosa lipite!

Nikapanda basi, nikarudi. Shikamoo, marahaba, nikakaa, nikamwambia ukweli wote. Kilikatwa, Babu. Hakipo.

Akatikisa kichwa taratibu. Kisha akauliza, "Chuma chake kilikwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Mwandishi mzima sikuwa nalo. Tukakaa kimya, ng'ombe wakarudi.

Baadaye akaniomba nilete brashi ile ndogo. Kutoka 5918 kwenda 5928 ni tarakimu moja tu. Mkono wake unatetemeka, ana miaka 84, na ile 2 imekaa upande. Sijairekebisha.